Mashine ya Kujilisha

Mume wangu alistaafu ukarani akiwa na afya njema na simu yenye bando, na taabu yetu ilianzia hapo. Kwenye simu aliona wanaume wa nchi za mbali wakiwasha taa za nyumba nzima kwa mashine inayojiendesha yenyewe, bila mafuta wala jua. Akaamini. Yeye, aliyezoea kurudisha barua za watu kwa sababu muhuri umekaa upande!

Kwa majuma mawili nyumba yetu ya Kitale ilinuka grisi. Alifunga mota kwa mkanda kwenye gurudumu zito la mashine mbovu ya kukatia nyasi za ng'ombe, na gurudumu likazungusha dainamo ya lori kuukuu. Betri iendeshe mota, mota izungushe dainamo, dainamo ichaji betri.

"Betri ni ya kustati tu," aliniambia. "Baadaye inajilisha."

"Na stima ya kutumia sisi itatoka wapi?"

"Ile itabaki."

Itabaki! Mimi nilizaliwa Kabuchai, na nimepeleka mahindi posho mill tangu utotoni. Sijawahi kupeleka debe moja nikarudi na unga wa madebe mawili. Hata hilo moja hurudi limepungua, maana vumbi la unga halikosi kubaki kwenye mashine na kwenye nguo za msagaji.

Nilimwacha acheze. Kosa langu ni hilo.

Siku moja nilikwenda soko la Chwele kuuza vifaranga. Huku nyuma alichomoa mashine yangu ya kuangulia mayai kwenye stima ya ukutani, akaiunganisha na ya kwake, ili wanaume wa kanisani waje kushangaa. Walishangaa, wakapiga makofi, wakanywa chai yangu, wakaenda. Mayai yalikuwa na siku kumi na nane, yamebakiza tatu tu kuanguliwa. Ukiyaweka sikioni ulisikia uhai.

Nilirudi alasiri pamoja na kaka yangu, fundi wa stima kule Bungoma. Gurudumu lilikuwa likijikokota. Nilifungua mlango wa mayai nikagusa moja, halafu la pili. Yalikuwa yamepoa kama mawe ya mtoni.

Kaka aligusa mota, akarudisha mkono haraka.

"Shemeji, hebu guza hapa. Hii moto imetoka wapi?"

"Si ni mota imefanya kazi."

"Imetoka kwa betri. Beringi inakula, mkanda unakula, waya zinakula. Kila ikizunguka, inarudisha kidogo kuliko ile imechukua. Hakuna kitu itabaki. Hii ni betri inakufa na kelele mingi."

Mume wangu alitazama gurudumu likisimama. "Beringi ndiyo mbovu, bana. Nikipata mpya..."

Sikungoja amalize. Nilirudisha waya ukutani. Kati ya mayai sitini, kumi na moja yalianguliwa, na vifaranga watatu miguu yao ilikuwa imepinda. Mengine niliyapasua moja moja nyuma ya jiko. Ndani vifaranga walikuwa wamekwisha kuota manyoya.

Hakuniomba msamaha. Jumapili aliwaeleza wenzake kwamba mashine ilikwenda saa sita nzima, nao wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Jumatatu alitoka mapema. Aliporudi, alikuwa amebeba beringi mpya ndani ya gazeti, akaifungua, akaifuta kwa kitambaa kama mtoto mchanga.