Kengele ya Wimbo wa Nne

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina hilo lilimkaa kama shati lililoshonwa kwa vipimo vyake. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa dobi katika chumba kimoja chenye dirisha pana, akipiga pasi juu ya meza ndefu aliyoivika blanketi kuukuu na shuka jeupe. Ukutani hapakuwa na saa. Saa yake ilikuwa redio kaseti iliyokaa rafuni, na dakika zake zilikuwa nyimbo.

Kazi aliipima kwa albamu. Upande mmoja wa kanda ya rege ulikuwa suruali nne za kitambaa kizito. Albamu ya kwaya, mwanzo hadi mwisho, ilikuwa mashuka yote ya nyumba ya wageni. Wala hakuruka wimbo hata siku moja. Alisema aliyezipanga nyimbo hizo alijua kwa nini kazipanga hivyo, na hata wimbo asioupenda aliuvumilia kama mgeni aliyefuatana na wageni wazuri.

Makola nayo yalikuwa na wimbo wao. Palikuwa na albamu ya rumba ambayo yeye aliiita Koti la Bluu, kwa sababu mwimbaji wake alisimama kwenye jalada akiwa amevaa koti la bluu lililomzidi mabega. Wimbo wa nne wa albamu hiyo ulikuwa na beti sita, na mwisho wa kila ubeti ililia kengele moja ndogo. Mama Pasi alitia kola wanga, akalifunika kwa kitambaa chenye unyevu, akabana pasi ubeti ulipoanza na kuiinua kengele ilipolia. Magitaa yalipokuwa yakicheza kati ya ubeti na ubeti, alibadilisha shati. Akiinua mapema, kola lililegea, akichelewa, liliungua. Hakuwahi kuchelewa.

Jumatatu moja asubuhi, kengele haikulia.

Alingoja, mkono umebana, sikio limetega. Kilichomzindua ni harufu. Alipoinua pasi, kola la shati jeupe lilikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la ncha ya pasi, na shati lenyewe lilikuwa la karani wa mahakama, mtu wa mashati sita meupe kila wiki, ambaye hakuvaa kitu chenye kunyanzi hata akienda kununua mkate.

"Mama, hii nini?" karani aliuliza jioni, akilishika shati kama ushahidi.

"Ni pasi yangu, mwanangu. Kosa ni langu, na shati jipya utalipata."

"Shati si hoja. Miaka tisa sijaona alama hapa." Alilikunja shati. "Niseme tu ukweli, mama. Nilete mengine, au nitafute pengine?"

"Niachie wiki mbili," Mama Pasi alisema, "halafu ulete yote sita. Nitayapiga mbele ya macho yako."

Karani alikubali shingo upande.

Mama Pasi aliilaumu kanda. Asubuhi iliyofuata aliipeleka kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi redio aliyekuwa na kibanda mlango wa tatu. Shemeji aliigeuza, akaipuliza, akaiweka kwenye mashine yake na kusikiliza huku amefumba macho.

"Shemeji, kanda hii nzima kuliko mimi na wewe."

"Basi kengele imekwenda wapi?"

"Ipo! Inalia kama ya baiskeli ya mwuza maziwa."

"Usinitanie saa hizi. Nimeunguza shati la karani."

"La karani? Aa, basi utafungwa wewe, na sahani ya chakula nitakuletea mimi." Aliucheka utani wake mwenyewe, kisha akarudisha kanda nyuma. "Sikiliza. Ikilia nitanyosha kidole."

Ubeti ukaisha. Kidole kikanyooka. Mama Pasi hakusikia kitu. Shemeji akarudia, kidole kikanyooka pale pale. Mara ya tatu shemeji hakucheka tena. Alizima redio, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shem," alisema polepole, "twende ukapimwe masikio."

Mtaalamu wa masikio alimfungia ndani ya kijumba kidogo kisichopitisha sauti, akampa kitufe abonyeze kila asikiapo mlio. Baadaye alimwonyesha mchoro: mstari uliokwenda vizuri, kisha ukaporomoka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Sauti nyembamba za juu zilikuwa zimeondoka, na nyingine zingefuata, taratibu.

"Zipi zitafuata?" aliuliza.

"Filimbi. Ndege. Herufi nyingine katika maneno ya watu."

"Na zile nzito?"

"Zile zitakaa sana, mama. Nitakuagizia mashine za masikio. Alhamisi baada ya wiki mbili njoo uzichukue. Zitasaidia, ila sauti utazisikia tofauti kidogo na ulivyozizoea."

Njiani shemeji alijaribu kumfariji kwa kila neno alilokuwa nalo. Mama Pasi alikuwa akihesabu. Nyumbani alikuwa na albamu kumi na moja. Alipofika mlangoni alikuwa ameshakata shauri: kabla ya Alhamisi ile atazisikiliza zote kumi na moja, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa masikio yake mwenyewe. Atajua ni nini kimeondoka na ni nini kimebaki. Na Jumatatu ya ahadi atapiga makola.

"Kwa nini usitumie saa tu?" shemeji aliuliza. "Nitakupa ya ukutani, bure."

"Saa haijui kola."

"Kola nalo linajua rumba?"

"Langu linajua."

Alinunua daftari la shule, akalilaza pembeni mwa meza. Spika moja aliishusha kutoka rafuni na kuiweka juu ya meza yenyewe, karibu na mkono wake wa kushoto. Akaanza na taarabu, kanda aliyoachiwa na mama mkwe. Siku hiyo ilimuuma. Fidla zilikuwa zimepungua juu, na sehemu aliyokuwa akiingojea kila mara, pale zinapopanda zote pamoja, ilipita kama mtu anayesema nyuma ya kioo. Alitaka kuzima. Akajikaza, akasikiliza hadi kanda ilipojikata yenyewe, kisha akaandika: "Gauni limetolewa lesi. Gauni lipo."

Kwaya ilimtia moyo, maana wanaume wa safu ya nyuma, ambao hakuwahi kuwatilia maanani, sasa walisimama mbele yake kama mashahidi wa harusi. Rege haikupoteza karibu chochote. Siku ya sita alihitaji kitu kipya cha kumpima, akaenda kuazima albamu ya rapu kwa shemeji, ambayo kwa miaka mingi aliiita kelele za ghala.

"Leo jua limetokea wapi?" shemeji alishangaa. "Wewe na rapu?"

"Nipe kabla sijabadili nia."

Jioni aliirudisha. "Kijana wako huyu anasema kama mwenye pengo. Nusu ya maneno sikuyapata."

"Hata mimi siyapati, shemeji. Ngoma je?"

"Ngoma," alisema kwa shida, kama mtu anayekiri kosa, "ngoma ni nzuri."

"Andika hilo kwenye daftari! Tena weka tarehe!"

Albamu ya kumi ilikuwa ya jazi. Mumewe aliinunua mwaka waliooana, na kwenye jalada palikuwa na kiti kitupu, kwa hiyo yeye aliiita hivyo, Kiti Kitupu. Hakuipenda. Aliiona ni wanaume watano wanaobishana, kila mmoja na lake, akawa anaiwekea soksi na leso, kazi isiyohitaji kufikiri. Lakini mumewe alipenda kusimama mlangoni inapopigwa, akigongagonga kizingiti kwa kisigino, kwa mapigo ambayo Mama Pasi hakujua yanatoka wapi. Alidhani ni tabia tu.

Sasa matoazi yalikuwa yamefifia, saksafoni imepoteza makali yake, na katikati ya nafasi iliyobaki alimsikia mtu wa besi, mwenye zile sauti nzito. Alishuka chini kwa chini, hatua kwa hatua, kama mtu mzito anayeteremka ngazi bila haraka, na meza ilitetemeka chini ya kiganja chake. Mama Pasi alisimamisha pasi kwenye kitako chake. Alikitazama kizingiti. Kumbe ni huyu ambaye mumewe alikuwa akimfuata, miaka yote ile, na yeye anakunja soksi.

Aliirudia Kiti Kitupu mara mbili siku hiyo. Kwenye daftari hakuandika kitu.

Jumapili ikabaki Koti la Bluu. Aliiogopa, ndiyo maana aliiweka mwisho, lakini alipiga moyo konde, akabonyeza kitufe na kuweka kiganja juu ya meza. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wimbo wa nne ulipoanza, hakuitafuta kengele. Alimtafuta mtu wa besi. Naye alikuwepo, tangu siku ya kwanza alikuwepo, na ubeti ulipokaribia mwisho alishuka ngazi tatu, akanyamaza kwa pumzi moja, kisha akaanza upya.

Ngazi tatu. Kimya.

Alimwita shemeji kwa sauti ya kufikia mlango wa saba. "Kaa hapo. Kengele ikilia, nyosha kidole." Kisha akabana pasi baridi juu ya kitambaa kitupu, akafumba macho. Ngazi tatu, kimya, akainua.

"Umeniwahi, au tumekwenda sawa?"

"Sawa," shemeji alisema, macho yamemtoka. "Sawa kabisa. Umesikia?"

"Sikusikia. Tena."

Walirudia hadi kidole cha shemeji kikachoka.

Jumatatu karani alikuja na mashati sita, akasimama karibu na dirisha, mikono nyuma, kama yuko kazini. Shemeji alikaa mlangoni na kidole chake. Mama Pasi alitia makola wanga, akasubiri ubeti, akabana. Kola la kwanza lilitoka jeupe. Karani alilichukua, akaligeuza kwenye mwanga, akalirudisha mezani. La pili, la tatu, la nne. Katika ubeti wa tano alipita mtu nje akamsalimu shemeji, shemeji akageuka kuitikia. Pasi iliinuka. Kidole kikafuata nyuma yake, kwa haraka ya mtu aliyekamatwa.

"Umechelewa, shemeji," alisema Mama Pasi bila kugeuka.

Karani aliangua kicheko. "Huyu shahidi wako, mama, hafai mahakamani."

"Mvumilie mpaka Alhamisi. Naenda kuchukua mashine zangu, nikajue kengele yenyewe sasa inaliaje." Aliweka shati la sita mezani, akalinyosha kola kwa vidole. "Wiki ijayo utaleta mangapi?"

"Sita, kama kawaida," karani alisema, na ubeti wa mwisho ukaanza.