Siku Niliyoipigia Posa Kura

Haya, chekeni kabisa mmalize, ndipo mnisikilize, maana mpaka leo nikipita mtaa wa Great Barr nainua kola ya koti nisije nikatambuliwa. Mimi udadisi ndio maradhi yangu. Ukifika uchaguzi wa rais wa Marekani (nchi ambayo sijawahi kuikanyaga) sibanduki kwenye ramani ya simu: kwa nini mijini wachague huyu na mashambani yule, kwa nini majimbo machache yanayoyumba ndiyo yaamue, na inakuwaje mtu apate kura nyingi nchi nzima halafu urais aukose.

Sasa wiki ileile ya matokeo dada yangu akanifanya mshenga, nikampelekee mwanawe Hamadi posa kwa kina Rukia, hukohuko Great Barr. "Kaka, tafadhali, sema kidogo," akaniusia, kwa kuwa Hamadi alikuwa hali wala halali kwa ajili ya binti huyo.

Posa nikaitoa kwa adabu zote. Ilibaki ninywe chai nijiondokee, maana jibu halitolewi palepale, wenyewe hukaa faragha wakashauriana. Ila baba yake Rukia akaniuliza, "Hebu nieleze bwana, huko Marekani mwenye kura nyingi anashindwaje?"

Jamani, kuniuliza mimi! Nikasimama, nikaigawa sebule: kochi la wajomba jimbo, kochi la mashangazi jimbo, viti vya dirishani jimbo, na anayeshinda jimbo analibeba lote. Ningewauliza chai au kahawa yangeishia hapo, lakini mimi (sijui shetani gani alinipitia) nikasema, "Kwa mfano tu, posa hii ikubaliwe au ikataliwe? Nyoosheni mikono!"

Wajomba wote watatu wakakubali. Mashangazi, wawili kwa mmoja, wakakataa, na dirishani vivyo hivyo.

"Mnaona?" nikapiga makofi. "Wengi wameitaka, lakini kwa majimbo posa imeanguka!"

Nikacheka peke yangu. Mjomba mmoja alikuwa amemgeukia shangazi mkubwa. "Kumbe wewe humtaki kijana wa watu?"

"Simjui. Nimtakeje?"

"Ni mfano tu," nikajitetea.

"Mkono wangu si mfano," akanijibu shangazi, na baba mtu akaweka kikombe chini. "Mshenga, umetangaza mwenyewe. Imeanguka."

Nikawawazia Hamadi na mama yake wananisubiri nyumbani, niwaambie nini? Hapo ndipo Rukia, aliyekuwa mlangoni na sinia la kaimati, akauliza, "Uncle, na mimi niko state gani?"

Sikuwa nimempa hata pembe ya zulia.

Shangazi mkubwa akamgeukia. "Haya mwanangu, wewe wasemaje?"

Desturi ni binti anyamaze, na kimya chake ndiyo ridhaa. Rukia hakunyamaza. "Mimi namtaka Hamadi."

Basi, shangazi akaunyoosha mkono wake upya mbele yetu, safari hii kukubali, kochi lao likageuka, na ndoa ikafungwa, ila kwa mshenga mwingine (mimi nilipewa kazi ya kuegesha magari). Na nimeapa, sihesabu tena mikono ya watu kabla sijamtafuta mwenye jambo lake.