Gari Lililopashwa Moto kwa Ajili ya Fundi

Dada yangu alipotangaza kwamba harusi yake itakuwa Jumapili, baba alisema jambo moja tu: atampeleka kanisani yeye mwenyewe, kwa gari lake. Hakuna aliyebisha hadi wiki ya harusi ilipoanza na taa ya njano ya injini ikawaka kwenye dashibodi, ikakataa kuzima. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, akasema taa ikiwa bado inawaka Ijumaa, gari la bibi harusi litakodiwa mjini. Baba alichukua kitambaa akaenda kulifuta gari, ambalo lilikuwa safi.

Nilikuwa nyumbani Birongo kwa likizo, kwa hiyo nikafuatana naye hadi Kisii. Fundi wake wa miaka mingi ana gereji nyuma ya soko. Ni Mwislamu wa pale mjini. Babu yake alikuja kuuza nguo na hakurudi kwao. Alichomeka mashine yake ndogo chini ya usukani, akasoma, akamwita baba.

"Mzee, gari hii iko na pampu ya hewa. Asubuhi injini ikiwa baridi, inapuliza hewa safi kwa ekzosi ndio ule moshi mbichi uungue. Inafanya kazi kidogo tu, halafu inanyamaza. Sasa kompyuta inasema hewa haifiki."

"Litanizimikia njiani?"

"Haiwezi. Hiyo ni mambo ya moshi tu."

Jioni mama alipoelezwa, aliuliza, "Kama haiwezi kuzima gari, taa ya nini basi?" Hoja ya fundi ikafia hapo.

Fundi alikuwa ameomba gari lilale kwake ili alisikilize asubuhi likiwa baridi. Baba alikataa kwa upole. Gari lake halijawahi kulala nje ya boma. Wakakubaliana fundi aje mwenyewe Alhamisi.

Alhamisi nilisikia injini ikiwaka kabla hata mama hajabandika chai. Nilichungulia dirishani. Baba alilitoa gari, akashuka nalo hadi penye mashamba ya majani chai, akarudi, akaliegesha likitazama lango. Sikushangaa. Kwetu mgeni hapewi kitu baridi. Chai hupashwa, maji ya kunawa hupashwa, na ukifika bila taarifa utangoja hadi kitu kichemke. Baba aliona gari nalo ni hivyo hivyo.

Fundi akafika kwa pikipiki, koti limefungwa hadi kidevuni.

"Imelala, mzee?"

"Limelala vizuri sana," baba akajibu, na hakusema uongo.

Fundi akawasha, akatega sikio. Kimya, isipokuwa injini yenyewe. Akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini, akakiondoa haraka.

"Mzee! Hii imetoka wapi?"

"Halijatoka mbali. Nilikupashia kidogo. Nisingeweza kukupa gari baridi."

Fundi alinitazama. Nikatazama migomba. Aliegemea gari akacheka hadi kofia yake ikaanguka.

"Mzee wangu, umempa mgonjwa dawa ya homa, halafu unaniita nimpime joto!"

Baba naye alicheka, lakini kwa kuchelewa, alipokwisha kuelewa kwamba siku imepotea. Pampu ile huamka injini ikiwa baridi tu; ingebidi tungoje asubuhi nyingine, na asubuhi hiyo ilikuwa Ijumaa. Fundi akanywa chai, kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine. Akiondoka akasema, "Kesho hata ufunguo usishike, baba yangu. Mpe mama."

Ijumaa baba alimpa mama ufunguo, akakaa barazani akilitazama gari kama mtu anayemwona mgeni akinyeshewa na haruhusiwi kumkaribisha ndani. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Nilimletea chai ili mikono yake ipate la kufanya.

Safari hii fundi aligusa injini kwanza. Ilikuwa baridi kabisa. Akawasha, akasikiliza, akazima upesi kabla haijapata moto. Pampu ilikuwa bubu. Akavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri akaipa pampu umeme moja kwa moja, nayo ikavuma.

"Pampu ni nzima," akasema. "Umeme ndio haufiki."

Akaikagua fyuzi; haikuwa na neno. Kisha akachomoa relei, kile kiboksi kinachoipitishia pampu umeme, akatugeuzia. Miguu yake miwili ilikuwa imeungua, myeusi kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka. Akachomoa ya honi, inayofanana nayo, akaichomeka pale, akafuta kumbukumbu ya kompyuta, akawasha. Mvumo ukatoka chini ya boneti, mwembamba, kama kinu cha kusaga mahindi kilicho ng'ambo ya bonde. Ukadumu kidogo, ukakatika wenyewe. Taa haikuwaka.

Baba alikuwa amesogea hadi kwenye bampa.

"Hiyo sauti naijua," akasema polepole. "Lilikuwa nayo zamani. Ilipoisha juzi nikamshukuru Mungu, nikajua limepona."

Fundi alimshika baba bega tu.

Lakini sasa honi ilikuwa haina relei, na ya kununua ingetoka Nairobi wiki iliyofuata. Fundi alitaka kuwahi mjini kwa sala ya Ijumaa. Sisi nasi ni Wasabato; Ijumaa jua likizama Sabato inaingia, na hakuna kazi. Kaka alipofika alitazama dashibodi, akaridhika, kisha akabonyeza honi.

"Baba, taa sawa. Lakini gari la bibi harusi bila honi? Watu watafikiri tunapeleka maiti!"

Baba alimtazama dada yangu, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni. Hakumwomba kitu.

"Baba hajawahi kunipigia honi," dada akasema bila kuinua kichwa. "Akinifuata shuleni alikuwa anashuka, anakuja hadi mlango wa darasa. Nitapanda gari lake."

Kaka akafunga mlango wa gari taratibu.

Jumapili msafara uliteremka kuelekea kanisani Kiogoro, magari yote yakipiga honi hadi mbuzi wakakimbia, isipokuwa lile la mbele. Nilikuwa nimekaa kando ya baba. Penye soko watu walitoka madukani kutazama. Baba akapunguza mwendo, akashusha kioo, akatoa kichwa nje na tai yake mpya, akawatangazia kwa mdomo wake mwenyewe:

"Ni binti yangu! Nampeleka mimi!"