Rimu Nilizozichagua kwa Macho

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali mjini Iringa, mwanangu, miaka ile ya sabini, nilipomjibu jeuri mzee wa watu mbele ya gereji yake. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, dereva wa kigari cha mizigo cha mjomba wangu Ambonisye. Wanawake madereva hatukuwa wengi barabara ile. Nilipopita watu waligeuza shingo, nami, sikufichi, nilipenda wageuze.

Tulikuwa tumetoka Idodi na magunia ya mpunga, na makorongo ya njia yakapinda rimu mbili za mbele. Mjomba akanituma nitafute nyingine. Nikaziona kwa muuza vyuma chakavu: rimu za aluminiamu zilizotoka kwenye gari kubwa kuliko letu, zinang'aa kama sufuria mpya. Nikahesabu matundu ya nati, manne kwa manne. Nikasema basi, zimefaa.

Fundi, Mzee Kihwele, akazifunga, kisha akazifungua tena.

"Binti, hizi si za gari lako. Ni nene mno. Nati inazunguka mara tatu tu, boliti imekwisha. Na tundu hili la katikati ni kubwa kuliko habu, hiki kitovu kinachobeba rimu. Gurudumu litacheza."

"Lakini matundu yameingia, mzee."

"Hata mguu wa mtoto unaingia kwenye kiatu cha baba yake. Mwambie akimbie nacho!"

Nikamwambia amezoea magari ya kizamani. Nikachukua spana, nikazifunga mwenyewe. Mjomba alikuwa anakunywa chai ng'ambo ya barabara, hakusikia neno.

Tukashika njia ya Mbeya kupeleka mpunga. Makambako tukapakia abiria: akina mama wanne na vikapu vyao, mmoja wao amebeba mtoto mwenye homa, anawahi hospitali Mbeya. Tulipoipita Igawa nikasikia kitu kinagonga, usukani ukaanza kunitetemekea mikononi. Nikasimama. Boliti moja ilikuwa imekatika, nati mbili zimelegea, na rimu yenyewe imeanza kulika kwenye matundu.

"Kaza nati twende," mjomba akasema. "Uyole tutafika tu."

"Siendeshi, mjomba."

"Nani kakuuliza? Huoni mtoto wa watu anaumwa?"

Hapo moyo uliniuma kweli. Mtoto alikuwa anaungua homa, na mbele yetu kulikuwa na miteremko ya Inyala. Mama mmoja akasema ndiyo maana wanawake hawapewi usukani. Ningeweza kumsingizia fundi, nani angejua? Lakini mficha uchi hazai. Nikasema kwa sauti, wote wasikie:

"Kosa ni langu. Rimu hizi nilizichagua mimi, fundi akanikataza, nikamdharau. Na kwa kuwa kosa ni langu, nyinyi hamtalifia."

Nikachomoa ufunguo, nikaufunga kwenye pindo la kitenge changu. Mjomba akanyoosha mkono.

"Nakuheshimu, mjomba, lakini ufunguo huu huupati."

Nikaenda kusimama katikati ya barabara, mikono juu, mpaka lori la mbolea likasimama. Dereva alinitukana matusi yote anayoyajua, kisha akampakia mama na mwanawe pale mbele. (Mtoto alipona. Baadaye mama yake aliniona sokoni Uyole, akanifuata mwenyewe kuniambia.) Mjomba akanifukuza kazi papo hapo, mbele ya wale wanawake. Nililia, ndiyo. Ufunguo sikuutoa.

Kesho yake fundi mmoja alitoka Chimala na rimu za chuma za gari la aina ileile, na boliti mpya. Zilipokaa sawasawa ndipo nilipompa mjomba ufunguo wake. Nilimwomba radhi kwa kuchagua vibaya. Kwa kukataa kuendesha sikumwomba, na sitamwomba hata huko kaburini aliko.

Kisha nikapanda basi kurudi Iringa, nikapiga goti mbele ya Mzee Kihwele. Hakunisimanga. Alinikabidhi spana tu, akasema, "Anza kwa kupima." Nilikaa naye miaka minne.

Basi sikia, mwanangu. Ukibadili rimu, usihesabu matundu ukaondoka. Hakikisha tundu la katikati linaikumbatia habu. Zungusha nati kwa mkono, uone inashika kiasi gani. Kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uone tairi haigusi bodi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na mwenye kujua akikukanya, msikilize, hata kama amevaa matambara. Ukikosea, sema umekosea, mapema, watu wangali hai. Lakini ukishajua gari ni bovu, usiliendeshe kwa amri ya mtu yeyote, awe mjomba, awe bosi, awe mume. Wakikuita mkaidi, itika.

Mungu akupe jicho la kupima na shingo ngumu ya kukataa. Unaowabeba wafike salama, nawe ufike.