Udongo Wenye Homa

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa harufu ya samadi. Nilikuwa mke mpya, miezi michache tu tangu niolewe, na tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama askari wa gwaride. Mama mkwe wangu hakubeba vingi kutoka mahameni. Alibeba jiwe lake la kusagia ulezi na kikapu chenye mizizi sita ya airisi, minene kama tangawizi. Maua hayo ya zambarau alipewa misheni, akayapanda kwenye kaburi la mwanawe wa kwanza. Kaburi halihamishiki, basi akahamisha maua.

"Nitayarishie udongo hapo mlangoni," aliniambia akienda Tarime kumuuguza dada yake. "Nikirudi tutapanda."

Mimi nami nikataka sifa. Binti wa watu wa ng'ombe, nilijua nini zaidi ya samadi? Kwetu mgomba ukinyong'onyea ni samadi, boga likigoma ni samadi. Nikachimba shimo la kufika magotini, nikalijaza samadi mbichi ya zizini, bado inafuka, nikaizamisha mizizi yote chini kabisa na kuimwagia maji. Eti asirudi akajisumbua kupanda! Kuuliza si ujinga, lakini ujana wangu ulikuwa haujui kuuliza.

Alirudi baada ya wiki mbili. Nikampokea mzigo, nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha kazi yangu kwa furaha. Akapiga magoti, akatia mkono udongoni. Uso ukambadilika.

"Udongo huu una homa," alisema.

Tulifukua pamoja. Minne ilikuwa imeoza, inanuka. Miwili ilikuwa migumu bado. Nililia, mwanangu, maana nilijua ni kitu gani nimekiua. Yeye akaifuta ile miwili kwa khanga yake, akaniambia:

"Umeipa unachopenda wewe. Hukuuliza yenyewe inapenda nini. Haya, lete jembe."

Tukainua tuta, tukachanganya mchanga wa kijitoni, majivu kidogo, na samadi ya zamani iliyokwisha kugeuka udongo. Mizizi tukailaza juujuu, mgongo nje, iote jua kama kiboko wa Mto Mara. Mfano huo ulinichekesha machozi yangu yakiwa hayajakauka, naye akacheka.

Mwaka uliofuata ua moja likachanua. Akaniita kutoka jikoni, "Mwanangu, njoo umwone shemeji yako." Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya siku hiyo.

Sasa nawe unakwenda kwako. Usimmwagie mtu wema kabla hujamuuliza anahitaji nini. Awe mume, mtoto au jirani, pima udongo wake kwanza; hata kilicho kizuri, kikiwa kibichi, huunguza. Haya, shika mizizi hii miwili, ni uzao wa ile ile. Mungu akupe mikono mipole na mlango wenye maua. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akujalie mtu wa kukuambia: lete jembe.