Soksi ya Kushoto

Kama kuna kitu nimewahi kukichukia kwa moyo wangu wote, ni suruali ya mpira. Naisema ile ya kuingilia bwawani, iliyoungana na mabuti yake chini, yenye mikanda ya kupitisha mabegani, ambayo ukiivaa inakufika kifuani na unatembea kama umebeba mtu. Niliinunua mwenyewe kwenye mitumba, bila kulazimishwa, na muuzaji aliniapia kwamba hata nikishinda ndani ya maji nitatoka na soksi kavu. Nikamwamini. Nina tabia ya kumwamini yeyote anayesema ninachotaka kusikia.

Sikuinunua kwa mbwembwe. Nina sukari, na wakati huo kliniki walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba nyayo zangu zimeanza kufa ganzi. Daktari, mwanamke mpole wa umri wa binti yangu, aliniambia nifumbe macho, kisha atakuwa ananigusa unyayoni kwa kitu chembamba kama uzi, nami nikisikia niseme. Nilifumba macho nikakaa kimya nikisubiri aanze. Kumbe alikuwa amekwisha kumaliza. Akanipa maagizo mawili: miguu isikae na majimaji, na kila siku jioni nizitazame nyayo, kwa kioo au kwa macho ya mtu mwingine, maana zenyewe hazitaniambia tena zikiumia.

Hakuwa na haja ya kunitisha. Kaka yangu mkubwa alikatwa mguu chini ya goti kwa kidonda kilichoanza na lengelenge la kiatu, na hakumaliza mwaka. Mama ndiye aliyemuuguza.

Shida yangu ilikuwa bwawa. Naishi Tangini, Kibaha, na nafanya kazi ya ofisini ambayo hata kuieleza kunanichosha. Lakini kwetu ni Msimbu, upande wa Kisarawe, na huko, bondeni chini ya nyumba ya mama, nilichimba bwawa la perege. Wiki nzima nasukuma mafaili nikifikiria Jumamosi. Jumamosi nawasha pikipiki yangu kuukuu, nakwenda kwa mama, namwaga pumba, naingia majini na wavu, mimi upande mmoja na jirani yake upande wa pili, tunavuta taratibu mpaka samaki waanze kurukaruka. Ni hapo tu ndipo huwa najiona mtu mwenye akili zake timamu.

Mke wangu aliposikia maneno ya daktari aliniambia, bila kupaza sauti, "Baba, chagua. Bwawa au miguu." Nikaenda mitumbani, nikarudi na suruali ya mpira, nikamwambia nimechagua vyote viwili. Aliitazama, akaishika, akasema sawa. Ila siku ikianza kuvuja, alisema, bwawa basi.

Iliingiza maji Jumamosi ya pili.

Sikumwambia. Niliijaza maji ndani, nikaining'iniza kwenye nguzo ya kamba ya nguo nyuma ya nyumba ya mama, nikaikodolea macho mpaka nikaliona tone linatoka gotini kwenye kitundu kidogo kama cha sindano. Jumatatu nikaipeleka kwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu, mtu mzima kama mimi, mwenye maneno machache na miwani iliyofungwa uzi. Akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akasubiri ikauke kwa starehe zake, akabandika kipande cha tyubu ya pikipiki. Kazi safi. Wiki mbili baadaye maji yakaingilia kisiginoni, pale buti linapoungana na suruali. Akabandika na hapo.

Jumamosi iliyofuata soksi ya kushoto ikatoka na unyevu tena. Sasa nikafura. Maji si mengi, kiganja tu, lakini mimi nilikuwa nimeahidiwa ukavu, nimelipia ukavu, na nyumbani nimetoa neno langu juu ya ukavu. Nikarudi kwa fundi nikamwambia buti linavuja kwenye soli, abandike kwa ndani.

"Ndani sibandiki, mzee," akasema. "Kiraka cha ndani kina ukingo. Kitakuchubua."

"Mguu ni wangu au wako?"

"Wako."

"Basi nipe tyubu na hiyo solusheni."

Alinipa, akarudi kwenye baiskeli aliyokuwa akiitengeneza. Ile namna yake ya kutobishana ilinikera kuliko angenitukana. Jumamosi asubuhi nilikaa kwenye kizingiti cha mama nikabandika mwenyewe. Sikupata subira ya msasa wala ya kusubiri ikauke. Nilibandika kiraka, nikaona kama hakijashika, nikaweka cha pili juu yake, kisha cha tatu kwa uhakika. Nikaingiza mkono nikapapasa. Kulikuwa na kinundu chini ya unyayo, na kingo zake zilikuwa zimekauka ngumu. Nikasema kitalainika kwa uzito wangu.

Kuanzia hapo soksi ya kushoto haikukauka tena. Ya kulia kavu, kama imetoka kabatini. Ya kushoto mbichi, inanata, na ina harufu. Harufu nilisema ni tope la bwawa. Rangi sikuiona, kwa sababu soksi zangu zote ni za kazini na ni nyeusi. Nilikuwa nikifika kwenye kizingiti, nazivua kwa hasira, nazifua mwenyewe bombani kwa mama kabla hazijafika Kibaha, naosha miguu kwa kuisugua mmoja juu ya mwingine nikiwa nimesimama, navaa kandambili. Mama alikuwa akiniona nikifua na kunicheka kwamba uzeeni nimekuwa mtu wa usafi.

Na jioni, nyumbani, mke wangu alikuwa na swali lake lilelile.

"Miguu umeitazama?"

"Nimeitazama."

"Nikutazamie na mimi?"

"Mama, mimi si mtoto."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nalitazama buti. Kwa wiki nne nililitazama lile buti kama askari wa mpakani. Nililigeuza, nililipulizia, nililizamisha kwenye beseni nikitafuta mapovu. Nilipaka solusheni mpaka nikalewa harufu yake. Jumamosi moja nilitanguliza mguu kwenye mfuko wa nailoni wa ndani ya gunia la mbolea, nikaufunga kwa kamba ya katani, ndipo nikavaa buti. Soksi ikatoka mbichi ndani ya mfuko. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza maji yameupenyaje mfuko. Mimi nikaulaani mfuko.

Nikampelekea fundi suruali yake. Nasema yake kwa sababu kichwani mwangu ilishakuwa kosa lake. Nilimtolea uvivu mbele ya wateja: kwamba kazi yake ni ya kulipua, kwamba watu wanamwachia vitu vyao kwa imani naye anacheza na viungo vya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua ndoo, akaijaza maji suruali yote mpaka kiunoni, akaitundika kwenye mlingoti wa banda lake. Ilivimba, ikaning'inia pale kama mtu asiye na kichwa. Tukakaa kwenye benchi, yeye, mimi na wateja wake wawili, tukiitazama. Akaziba pancha mbili, akarekebisha breki. Vumbi la chini ya buti likabaki vumbi.

"Haivuji," akasema.

"Inavuja."

"Mzee, haivuji. Labda jasho."

"Jasho la mguu mmoja?"

Aliishusha, akamwaga maji, akanikunjia vizuri kabisa. Niliondoka pale nikiwa nimeshindwa hoja, na hakuna kitu kinachonitia hasira kama hicho.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Msimbu nikiwa nimeazimia kumaliza ubishi. Nilivaa soksi mpya, nikavaa suruali ya mpira kwenye kizingiti cha mama, nikateremka bondeni. Jirani wa kushika upande wa pili wa wavu hakuwepo. Nikamsubiri. Nilizunguka bwawa mara sijui ngapi, jua likinichoma na mpira ukinipika, nikimsema peke yangu kwa sauti. Wavu ule hauvutwi na mtu mmoja. Baadaye alipita mama mmoja na jembe lake akaniambia jirani ametoka alfajiri, kuna msiba Chole. Nikakusanya wavu mkavu, nikapanda kilima nikiwa sijagusa hata tone la maji.

Nyumba ya mama ina sheria moja, nayo ni sakafu. Ni saruji tu, lakini anaipiga deki asubuhi na mchana, na hata mwenyekiti wa kijiji huacha viatu nje. Nilivua suruali kwenye kizingiti, nikavua soksi. Ya kushoto ilikuwa mbichi. Niliishika mkononi, na nakumbuka kabisa kwamba jambo la kwanza nililohisi ni ushindi. Nikawaza, nitampelekea fundi hii hii soksi, nimwekee kwenye meza yake. Nikaingia ndani nikiitafuta kandambili.

"Shikamoo mama. Yule jirani yako hakuja."

"Marahaba. Ana msiba," alisema mama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta mchele. Kisha akaacha kupepeta. "Umeingia majini?"

"Sijaingia. Ningeingiaje peke yangu?"

"Basi hiki ni nini?"

Niligeuka nikatazama nilikopita. Kutoka mlangoni hadi niliposimama kulikuwa na alama za unyayo mmoja. Wa kushoto, wa kushoto, wa kushoto. Hazikuwa na rangi ya maji.

Mama ana umri ambao kuinuka kwenye kigoda ni shughuli. Aliweka ungo chini, akasogea kwa magoti, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusimama, akafika nilipo. Nikamwambia aache, nitatazama mwenyewe. Akasema kaa. Nikakaa sakafuni, mtu mzima mwenye wajukuu, akauchukua mguu wangu akauweka mapajani mwake, alivyokuwa akifanya zamani kututoa miiba. Mimi nilikuwa natazama uso wake. Sikuutazama mguu.

Aliugeuza unyayo kwenye mwanga wa mlango. Kisha akauliza, "Inauma?"

"Wapi?"

Akanyanyua macho. "Nimebonyeza, mwanangu. Kidole kinaingia."

Hakulia, wala mimi. Aliniambia nimletee ile suruali. Nilimwonyesha ilipo, akaivuta kutoka kizingitini, akaingiza mkono mpaka begani ndani ya mguu wa kushoto, akapapasa, akakomea penye kinundu. Alikuwa akipapasa kwa kidole kilekile.

"Nani kaweka hiki kitu humu?"

Nilikuwa na orodha ndefu ya watu wa kuwataja. Kwa wiki nzima nilikuwa nikiipanga, muuzaji wa mitumba, fundi, jirani, hata marehemu wa ule msiba wa Chole ningemtafutia lawama. Nikaitazama ile suruali, nikajibu kwamba ni mimi.

Mama akautoa mkono. Alichana khanga yake ya zamani, akanifunga mguu, akafunga vizuri sana, kwa kuzungusha na kupitisha juu ya kifundo, kama mtu aliyefanya kazi hiyo kila siku kwa muda mrefu. Nilijua alikojifunzia.

"Kaka yako naye," alisema akikaza fundo, "nilipombonyeza aliniuliza wapi."

Mke wangu alikuja kunichukua kwa gari la kukodi, akanipeleka hospitali moja kwa moja. Njiani hakuniuliza juu ya suruali wala bwawa. Aliniuliza mara ngapi nilimwambia nimeitazama miguu nikiwa sijaitazama, nikamwambia zote. Kidonda kilichukua miezi, kikaondoka na kidole kimoja, kile cha mwisho, na daktari yule mpole aliniambia nina bahati kwa sauti ambayo haikuwa ya upole. Nikienda kazini naupita mlango wa fundi. Nilimwomba radhi. Alisema si neno, akaniuliza kama suruali bado ninayo, maana ile ni mpira mzuri.

Bwawa analivua jirani na mwanawe. Mimi nakaa ukingoni kwenye kiti nikitoa amri zisizosikilizwa, na inaniudhi kila Jumamosi, wala sioni kama itaacha kuniudhi. Lakini kabla sijateremka bondeni nasimamishwa kizingitini. Mama anakaa chini, ananivua soksi, nyeupe siku hizi, anauweka mguu mapajani na kuubonyeza kwa kidole gumba, mahali hapa na hapa, akiniuliza kama nasikia.

Namwambia sisikii, mama. Basi anainama karibu zaidi, macho yake yenyewe hayaoni vizuri, anatazama.