Tohara ya Hospitalini

Kazi yangu katika shule ile ya sekondari ya Jinja ilikuwa kuwafuata wanafunzi walioacha kuja. Miaka ile ya utawala wa jeshi walikuwa wengi, na mimi nilikuwa peke yangu na miguu yangu miwili. Huyu familia yake imehama usiku, yule anapanga foleni ya sabuni tangu alfajiri. Nilikuwa nimechoka hata kuuliza.

Mmoja wao alikuwa kijana wa kabila la Wagisu, wa miaka kumi na minane, mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani, mkazi wa mtaa wa Walukuba palepale Jinja. Kwa hesabu alikuwa mwepesi kuliko hata mwalimu wake. Mwaka wa tohara ya kwao ulipofika alitoweka wiki tatu, akaenda Mbale kucheza ngoma na kualika jamaa. Mkuu wa shule akaniambia kijana asiporudi kufikia Jumatatu, jina linafutwa na mtihani wa mwisho hafanyi.

Nikapanda basi. Kule Mbale, mtaa wa Namakwekwe, nilibisha hodi, nikasalimu kwa Kiswahili, na nyumba nzima ikanyamaza wakidhani ni askari, kwani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi. Mwishowe akatoka baba yake, aliyekuwa ameomba likizo kwa ajili ya ngoma. Kijana alikuwa uani, njuga mapajani, unga wa wimbi mwili mzima. Zilibaki wiki mbili asimame mbele ya ngariba, watu wote wakimtazama.

Na mimi, na kiherehere changu, nikauliza kwa nini wasubiri. Mimi ni mama wa Kiislamu. Wanangu walitahiriwa hospitalini wangali wadogo, wakapewa uji, yakaisha. Tohara ni tohara, nikasema. Nilikuwa namjua tabibu palepale Mbale, angemkata kesho, na Jumatatu yuko darasani.

Baba alimgeukia mwanawe. Akasema kwa upole kwamba mwanawe alitangaza mwenyewe kuwa yuko tayari, basi jibu ni lake. Kijana akaanza kulia. Nilidhani analilia mtihani, wallahi, sikuuliza. Alifungua njuga moja moja, akanifuata kwa tabibu.

Alifaulu vizuri sana. Nilijisifu kwa walimu wenzangu mpaka wakanichoka.

Mwaka uliofuata baba yake alifariki. Siku chache baada ya mazishi kijana alikuja kwangu, viatu vimejaa vumbi la safari, akaketi. Akanieleza kwamba kwao wanamwita mwoga, aliyekikimbia kisu akajificha kwa daktari, na hawamhesabu mwanamume. Yeye ndiye kifungua mimba, lakini wazee wa ukoo walimkataza kusema neno la familia kaburini. Neno hilo lilisemwa na binamu yake, mdogo kwake, aliyesimama uani mwaka ule mbele ya ngariba bila kupepesa macho.

Nikaanza kumwomba radhi.

"Mama, mtihani ulinipitisha," akasema, bila hasira hata kidogo. "Lakini baba yangu nimemzika nikiwa nimesimama na watoto."